Leza ilivyonikataa

Najua nimewatupa. Kila ninayekutana naye siku hizi ananitazama usoni kwanza, halafu anauliza: vipi, mbona bado una miwani? Kosa ni langu, nilitangaza mapema. Nilimwambia kila mtu kwamba nakwenda Nairobi kupigwa leza, na nitarudi naona kama kipanga. Nimerudi na miwani yangu ileile. Leo nieleze kulikoni. Na kwa kuwa kazi yangu ni uandishi wa habari, nikiambiwa "hapana" lazima niulize hiyo hapana ilitoka wapi, kwa hiyo itabidi tuzunguke kidogo Bogota, Moscow na New York kabla ya kurudi nyumbani.

Nyumbani ni Mchikichini, pua na mdomo na Kariakoo. Kama umewahi kununua jinzi au viatu vya mtumba pale Karume, basi umeshapita mlangoni kwetu. Mama yangu anauza viatu vya watoto sokoni hapo tangu sijaanza shule. Nimekulia chini ya meza yake, katikati ya mabelo, kwenye vumbi la nguo na viatu, nikijikuna macho. Hilo la kujikuna macho liweke akilini, tutalirudia.

Namba yangu ya miwani ni -6, jicho la kushoto limezidi kidogo. Kwa lugha nyepesi ni kwamba bila miwani naona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 17 hivi, ukizidi kidogo urefu wa kalamu. Baada ya hapo ni ukungu. Kidato cha kwanza nilipangwa nyuma kwa sababu ya urefu wangu, na ubaoni nilikuwa naona weupe tu. Nikawa nanakili kutoka daftari la jirani yangu. Yeye akikosea nami nakosea, kosa kwa kosa, mpaka mwalimu mmoja akatuita mbele tueleze nani anamwibia nani. Mimi ndiye niliyepewa jina la mvivu. Hakuna aliyefikiria macho, hata mimi mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kuona mbali atajuaje kwamba wenzake wanaona?

Miwani ya kwanza niliipata kidato cha pili, mama akaifanyia mchezo na wenzake hadi zamu yake ya kupokea ilipofika. Siku niliyoivaa nilikwenda sokoni moja kwa moja. Nikiwa mbali nikamwona mama amesimama nyuma ya meza yake ananipungia mkono. Kumbe kila siku nikitoka shule alikuwa ananipungia, na kila siku mimi nilikuwa sioni. Alidhani nina kiburi cha kidato.

Nisijifanye wa pekee. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za hapa Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2008 katika jarida la Uingereza la tiba ya macho, uliwafuatilia wanafunzi waliokutwa na tatizo la aina yangu. Kundi moja lilipewa miwani bure. Kundi jingine lilipewa karatasi ya vipimo tu, wakajinunulie. Baada ya miezi mitatu, waliopewa bure walioonekana kuitumia au kuwa nayo shuleni walikuwa asilimia 47. Waliopewa karatasi ni asilimia 26. Namba ya pili sikuishangaa, umaskini tunaujua. Ya kwanza ndiyo iliyonisimamisha. Miwani ya bure, na bado zaidi ya nusu hawana habari nayo! Walipoulizwa wanafunzi wenyewe, yakatoka yale yale tunayoyasikia mtaani: utachekwa, miwani inaharibu macho zaidi, nyumbani hawataki. Mimi pia niliitwa "macho manne" mpaka namaliza kidato cha nne.

Kwa hiyo mtu anaposema miwani ni suluhisho rahisi, namwelewa, ila hajaivaa kwenye daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni.

Na hajaivaa usiku wa moto. Usiku wa kuamkia Jumapili, Januari 16, mwaka 2022, soko letu liliungua. Nilikuwa bado chuoni, nimelala nyumbani mwishoni mwa wiki. Tuliamshwa na makelele, tukatoka mbio mimi na mama, tukakuta kila mwenye kibanda anajaribu kuokoa chake. Watu walikuwa wanakimbia na mabelo kichwani kuelekea kila upande. Mmoja akanigonga bega, miwani ikaruka. Nilisikia ikikanyagwa. Kuanzia hapo moto kwangu ulikuwa rangi ya chungwa iliyojaa kila mahali, bila mwanzo wala mwisho, na watu wote walikuwa vivuli. Sikuweza kubeba kitu kwa sababu sikujua nikanyage wapi. Mama akaacha viatu vyake, akanishika mkono, akaniongoza mpaka barabarani kama alivyokuwa akinivusha nikiwa chekechea. Nilikuwa na miaka 23. Wenzangu wenye umri huo walikuwa wanawabeba mama zao.

Meza iliungua na vyote vilivyokuwa juu yake. Mama hakusema lolote juu ya mkono wangu, na mimi sikusema. Lakini siku ile niliamua kwamba nikipata kazi, fedha ya kwanza nitakayoweka akiba ni ya kuondokana na miwani.

Nikaanza kusoma. Na niseme ukweli, nilichokikuta ni historia tamu kuliko nyingi nilizofundishwa.

Kwanza tuelewane jicho linafanyaje kazi. Mbele kabisa ya jicho, juu ya ile duara nyeusi, kuna kioo hai kinachoitwa konea. Hakina mishipa ya damu, ndiyo maana unaona kupitia kwake. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Watu wengi hudhani lenzi iliyo ndani ya jicho ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupinda mwanga. Hapana, kama theluthi mbili ya kazi hiyo inafanywa na konea. Jicho la mtu kama mimi limerefuka, au konea yake imebinuka kupita kiasi, hivyo mwanga unakutana kabla haujafika kwenye retina iliyoko nyuma. Picha inatua pembeni ya uwanja. Miwani inaurudisha mwanga nyuma kidogo ili utue panapostahili. Lakini kama ungeweza kuilaza konea yenyewe, kuipunguza mbinuko hapo katikati, miwani ungeitupa.

Wazo ni hilo tu. Kazi ilikuwa namna ya kulitekeleza bila kumpofusha mtu.

Mjapani Tsutomu Sato alijaribu kwa kisu kuanzia miaka ya 1930. Alichanja konea kwa ndani, upande wa nyuma, ilegee na kulala. Wagonjwa wake walifurahi. Ila siku zile hakuna aliyejua kwamba upande ule wa nyuma wa konea una tabaka la seli linaloisukumia maji nje ili ibaki safi kama kioo, na kwamba seli hizo zikifa hazioti tena. Miaka ikapita, kumi, ishirini, na konea za wengi wao zikavimba na kuwa nyeupe. Kwa maneno mengine, madhara yalikuja daktari akiwa ameshaandika kwamba amefaulu.

Huko Bogota, Kolombia, José Ignacio Barraquer, Mhispania wa Barcelona, alikuja na jambo ambalo seremala yeyote wa Keko atalielewa mara moja. Alibuni mbinu ya kukata kisahani chembamba cha konea, kukitoa, kukigandisha kwa baridi kali kiwe kigumu, kukikereza kwenye mashine ya kukereza hadi kipate umbo, kisha kukiyeyusha na kukishonea tena jichoni. Ndiyo, umesoma vizuri. Kipande cha jicho la mtu kwenye mashine ya kukereza. Ilihitaji mikono ambayo madaktari wachache sana duniani walikuwa nayo, lakini neno alilolitia katika fani lilibaki: konea inaweza kuchongwa.

Moscow wakati huo ilikuwa na mtu wake, Svyatoslav Fyodorov. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1970 aliletewa kijana ambaye miwani yake ilivunjika na vipande vya kioo vikamkata konea. Jicho lilipopona, likawa linaona vizuri kuliko kabla ya ajali. Fyodorov akaona hapo kuna jambo. Akawa anachanja konea kwa nje, mistari inayotoka katikati kwenda pembeni kama miali ya jua anayochora mtoto. Akaifanya kazi hiyo kiwandani hasa: wagonjwa wamelala kwenye vitanda vinavyosogea, kila daktari ana hatua yake moja, kisha kitanda kinasogea kwa mwenzake. Wamarekani walikwenda kujifunza, wakarudi nayo kwao. Halafu, mwaka 1994, ukatoka utafiti wa Marekani uliowafuatilia wagonjwa hao kwa miaka 10. Katika asilimia 43 ya macho, konea ilikuwa imeendelea kulala pole pole na jicho likasogea kuelekea tatizo la upande wa pili. Baadhi ya waliokuwa hawaoni mbali wakaanza kupata shida ya karibu.

Unaona mtindo unaojirudia? Jicho linaitikia upesi, wiki ya kwanza watu wanalia kwa furaha. Deni linadaiwa baadaye.

Leza iliingia kwa mlango wa jikoni. Leza yenyewe ilishakuwepo tangu Theodore Maiman alipoiwasha ya kwanza California mwaka 1960, na madaktari wa macho walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuikimbilia. Waliitumia kuchoma mishipa mibovu ndani ya retina, kazi ambayo inaendelea mpaka leo kwa wenye kisukari. Lakini hiyo ni leza ya kuchoma. Konea ukiichoma inapata kovu, na kovu mbele ya jicho ni sawa na kuweka pazia dirishani.

Mwaka 1981, katika maabara za kampuni ya IBM huko Yorktown Heights, New York, kulikuwa na wanasayansi watatu, Rangaswamy Srinivasan aliyezaliwa India, James Wynne na Samuel Blum. Walikuwa na leza ya aina mpya iitwayo eksima, inayotoa mionzi ya urujuanimno, ile ambayo macho ya binadamu hayaioni. Walijua inakata plastiki vizuri. Je, kitu chenye uhai? Siku moja kabla ilikuwa sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, ambayo mlo wake ni bata mzinga. Novemba 27 Srinivasan akaja kazini na mabaki ya bata huyo. Wakayapiga kwa leza ya kawaida ya kijani, yakaungua pembezoni, meusi kama mshikaki uliosahaulika jikoni. Wakayapiga kwa eksima, ukatokea mfereji safi wenye kingo zilizonyooka, bila alama ya moto. Siri yake ni kwamba mionzi ile haipashi nyama joto hadi iungue. Inavunja vifungo vinavyoshikilia chembe za nyama, chembe zinaruka kama vumbi la randa, na tabaka la chini yake halipati habari. Kila pigo linaondoa kama robo ya mikroni. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hao watatu walikuja kupewa nishani ya taifa na Rais Obama mwaka 2013, na kwa maoni yangu yule bata alistahili ya kwake.

Daktari wa New York, Stephen Trokel, akaipata habari hiyo. Mwaka 1983 yeye na Srinivasan wakaandika matokeo ya kuijaribu kwenye konea za ndama. Kwa binadamu walianza kwa uangalifu mkubwa, kwenye macho yasiyoona au yaliyokuwa yanakwenda kutolewa. Mwaka 1988 Louisiana, Dk. Marguerite McDonald alimfanyia mama mmoja aliyekuwa na saratani karibu na jicho. Jicho lilikuwa linaona vizuri, ila lilikuwa lazima liondolewe kwa ajili ya saratani. Mama yule akajitolea: lichongeni kwanza, mjifunze. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nasimama hapo. Kuna watu duniani.

Mwaka uliofuata, Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, aliunganisha kisu cha Barraquer na leza ya eksima, naye akianzia kwenye jicho lisiloona. Badala ya kuchonga juu ya konea na kuacha kidonda wazi, aliinua kifuniko chembamba cha konea kikiwa kimeshikilia upande mmoja, kama ukurasa wa kitabu, akachonga chini yake, akakirudisha. Hiyo ndiyo LASIK. Mgonjwa halazwi, maumivu ni kidogo, na kesho yake anasoma kalenda ukutani. Siku hizi kifuniko chenyewe hukatwa na leza nyingine yenye mapigo mafupi mno, iliyotokana na ugunduzi wa mwaka 1985 wa Gérard Mourou na Donna Strickland, ambao uliwapa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2018.

Na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba nilikuwa naifanya kwenye daladala. Kila namba moja ya miwani inataka kuondolewa mikroni 12 hivi katikati ya konea, ukichonga eneo la milimita 6. Mimi wa -6, mara 12, unapata 72. Huo ni kama unene wa unywele mmoja! Miaka yote ya kuitwa macho manne, kumbe tatizo zima lina unene wa unywele.

Oktoba 2024 nikapanda basi kwenda Nairobi na akiba ya miaka miwili mfukoni. Mama alinipa mkate wa kumimina, akaniambia, "Nenda baba, ukirudi nikupungie nione kama utaniona ukiwa kule kwenye taa za barabarani." Hospitali nilipewa matone ya kutanua mboni, nikapimwa kwa mashine moja baada ya nyingine. Moja wapo ilikuwa na duara nyingi za mwanga, unaambiwa tazama katikati usipepese. Hiyo inachora ramani ya konea, kama zile ramani za jiografia za milima na mabonde. Penye mwinuko mkali panakuwa pekundu, palipolala ni bluu.

Daktari alikuwa dada wa makamo, mpole. Akaiweka ramani mezani. "Unaona huku chini ya katikati?" Palikuwa na doa jekundu, limekaa upande mmoja kama embe linaloanza kuiva. Macho yote mawili, la kushoto zaidi. Akaniuliza, "Ulipokuwa mtoto, macho yalikuwa yanakuwasha?" Nikacheka. Nikamwambia nimekulia chini ya meza ya mitumba. "Na ulikuwa unayasugua." Hakuwa anauliza.

Ugonjwa unaitwa keratokonasi. Konea inalegea na kuchongoka polepole kama koni. Kuyasugua macho sana tangu utotoni, hasa yenye mzio, ni moja ya mambo yanayohusishwa nao. Wangu ulikuwa mwanzoni, miwani bado inanifaa. Konea yangu ilikuwa na mikroni 488. Nikachomoa hesabu yangu: toa 110 za kifuniko, toa 72, zinabaki 306, na wanasema zisipungue 250. Inakubali! Daktari akatabasamu, akasema hesabu inakubali, ramani inakataa. Ukuta ambao tayari unabinuka huupunguzi unene.

Nilitoka pale nimekasirika, nasema bila kuficha. Nilimkasirikia mtu aliyenifanyia wema. Ni mpaka nilipokuwa ndani ya basi, tumeshavuka Namanga, ndipo nikaanza kujiuliza yeye alijuaje. Nani aliwaambia madaktari kwamba jicho kama langu lisichongwe?

Jibu lina jina la mtu. Anaitwa Theo Seiler, Mjerumani. Yeye ni miongoni mwa madaktari wa kwanza kabisa kutumia eksima kwenye jicho la binadamu, Berlin, mwaka 1985. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo ndiye anayebaki kuwa mpiga debe mkuu. Lakini mwaka 1998 yeye na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa ambao baada ya LASIK konea zao zilianza kubinuka na kuchongoka, wakapoteza uwezo wa kuona waliokuwa wamenunua. Wengine walichongwa kupita kiasi. Wengine walikuwa na keratokonasi changa ambayo haikuonekana kabla. Tangu hapo ramani ya konea ikawa kama cheti cha kuingilia: ikikataa, huingii. Kwa maana nyingine, doa langu jekundu linasomeka kwa sababu kuna watu walichongwa wakati halijaweza kusomeka vizuri. Sijui majina yao. Walilipa kama nilivyotaka kulipa mimi, wakafurahi wiki ya kwanza kama wagonjwa wa Sato na wa Fyodorov.

Na Seiler huyohuyo ndiye aliyekuwa na wenzake Wollensak na Spoerl walipotangaza mwaka 2003 tiba ya kuikaza konea inayolegea. Wanadondoshea vitamini B2 jichoni, kisha wanaimulika kwa mionzi ya urujuanimno, nyuzi za konea zinafungamana na kuwa ngumu. Mionzi ya jamii ileile, leo inachonga, kesho inakaza. Tiba hiyo haikuondolei miwani. Inasimamisha ugonjwa pale ulipo, na wanaifanya kwa mtu ambaye ramani zake zinaonyesha kwamba koni inakua.

Nimeambiwa basi nirudi kila baada ya muda, tulinganishe ramani. Nilirudi Aprili 2025. Doa lilikuwa palepale, halijaongezeka. Nitarudi tena.

Akiba niliyorudi nayo tuliigawa. Sehemu nimeiweka kwa ajili ya kukaza konea ikibidi. Sehemu nimenunua miwani mbili zinazofanana, moja naivaa, nyingine iko ndani ya soksi kwenye begi, kwa ajili ya usiku wowote utakaokuja na makelele. Iliyobaki mama amefungulia belo la viatu vya watoto, gredi ya kwanza, na kwa taarifa yenu biashara inakwenda.

Ramani yenyewe nilimwonyesha mama sokoni. Aliitazama kwanza kwa mbali, akainyoosha mkono wote, ndipo akakumbuka kuchukua miwani yake ya kusomea, ile ya kununua kwenye sinia la machinga bila kipimo. (Utafiti wa vijijini Kongwa uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta zaidi ya watu 6 katika kila 10 wenye miaka 40 na kuendelea wana shida hiyo ya karibu, na LASIK ile ya kulaza konea ili mtu aone mbali hata haiigusi, kwa sababu ile inatoka kwenye lenzi ya ndani inayokakamaa na umri.) Akaweka kidole kwenye doa jekundu. "Hapa ndipo ulipokuwa unasugua?" Nikamwambia daktari anadhani hivyo. Akakaa kimya kidogo, anapanga viatu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Ningekuwa najua," akasema.

Nikamwambia mama, hakuna aliyekuwa anajua.

Siku hizi vumbi la belo likinipanda na mkono wangu ukaanza safari ya kwenda machoni, kabla haujafika nakuta nimeshapigwa kofi la mkono, mbele za wateja.

"Acha jicho wewe!"

Basi naliacha.